CHANJO YA NYUKI: MALKIA ALA DAWA, WATOTO WAPATA KINGA

Mfugaji wa ng'ombe katika Afrika ya Mashariki hahitaji kufundishwa maana ya chanjo. Wazee wake waliona sotoka ikimaliza maboma mazima, na baadaye wakaona ugonjwa huo huo ukishindwa kwa sindano. Dawa iliyotumika sana katika vita hivyo ilitengenezwa Muguga, karibu na Nairobi, na Bwana Walter Plowright pamoja na wenzake, katika miaka iliyozunguka 1960. Na mwaka 2011 ilitangazwa ya kuwa sotoka imekwisha duniani kote.

Mfugaji wa nyuki alikuwa hana faraja kama hiyo. Ng'ombe hufungwa kamba, akashikwa pembe, akachomwa sindano. Nyuki je? Katika mzinga mmoja wenye nguvu huwamo nyuki makumi ya maelfu, na nani awezaye kumkamata kila mmoja na kumdunga? Tena wataalamu wengi walisema ya kuwa hata ikipatikana sindano ndogo kiasi hicho, kazi ingekuwa bure, kwa sababu mwili wa mdudu hauna njia ya kuikumbuka chanjo kama mwili wa mnyama uikumbukavyo.

Basi habari iliyotangazwa Marekani mwezi wa Januari 2023 iliwashangaza watu wengi. Idara ya Kilimo ya nchi hiyo ilitoa kibali cha masharti kwa chanjo ya nyuki, ya kwanza ya namna yake duniani. Nayo haichomwi kwa sindano. Huliwa, na katika mzinga mzima, anayekusudiwa kuila ni nyuki mmoja tu.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa unaozuiwa na chanjo hiyo huitwa uozo wa majana wa Kimarekani. Majana ni watoto wa nyuki, wale weupe wasio na miguu wala mbawa, walalao katika vyumba vya sega wakingoja kulishwa. Jina la "Kimarekani" lisimpoteze msomaji, kwani halina maana ya kuwa ugonjwa ulizaliwa Marekani. Uozo wa majana ni wa namna mbili, na mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu walipotaka kuutenga mmoja na mwenzake, waliufuata mahali kila mmoja ulipochunguzwa kwanza kwa njia ya kitaalamu. Mmoja ukaitwa wa Kimarekani na wa pili ukaitwa wa Ulaya. Huu wa Kimarekani ndio mbaya zaidi, na leo umeonekana katika kila bara lenye ufugaji wa nyuki.

Unaletwa na kijidudu cha jamii ya bakteria ambacho wataalamu hukiita Paenibacillus larvae. Mtaalamu wa Marekani, Bwana G. F. White, ndiye aliyeonyesha mwaka 1906 ya kuwa kijidudu hicho ndicho chanzo cha ugonjwa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba chaweza kujivika gamba gumu kikawa kama mbegu. Mbegu hiyo haili wala haikui. Kazi yake ni kungoja. Ukavu hauiui, wala baridi haiiui. Yaweza kungoja katika sega kuukuu, katika ubao wa mzinga au ndani ya asali kwa muda wa miaka zaidi ya 35, kisha ikaamka siku ipatapo mahali pa kuota.

Mahali pa kuota ni tumbo la jana mchanga. Yai la nyuki huanguliwa siku ya tatu baada ya kutagwa, na kuanzia hapo nyuki walezi humlisha yule mtoto mara nyingi mchana na usiku. Katika siku yake ya kwanza mbegu kumi tu, au hata pungufu ya hizo, zaweza kumwua. Akipita siku mbili au tatu bila kuambukizwa, huwa ni vigumu sana kwa ugonjwa kumpata. Kwa hiyo mlango wa adui ni mwembamba, nao hufunguka kwa muda mfupi. Lakini malkia hutaga mayai mengi kila siku, pengine zaidi ya elfu moja katika majira ya maua, na hivyo mlango huo haukosi kuwa wazi katika chumba hiki au kile.

Jana aliyeambukizwa aweza kuendelea kuonekana mzima hata chumba chake kikafunikwa kwa nta, kama desturi ilivyo. Kisha hufa humo ndani gizani, na mwili wake ukaoza ukawa ute wa rangi ya kahawa. Mwishowe ute huo hukauka ukawa gamba jeusi lililogandamana na ukuta wa chumba. Maiti ya jana mmoja yaweza kuacha mbegu za ugonjwa zipatazo milioni elfu mbili na mia tano.

Hapo ndipo lilipo jambo la kusikitisha kupita yote. Nyuki wakubwa hawaugui ugonjwa huu. Wao, kwa kuwa ni viumbe wasafi mno, huingia katika kile chumba na kukisafisha kwa vinywa vyao, ili malkia apate kutaga tena. Katika kusafisha hubeba mbegu vinywani, na kwa vinywa hivyo hivyo huenda kuwalisha watoto wengine.

DALILI ZAKE

Katika nchi ambazo ugonjwa huu umezoeleka, kila mfugaji hufundishwa kuusoma uso wa sega. Sega zima la majana lina vifuniko vya nta vilivyoinuka kidogo, vikavu, vya rangi moja, vilivyopangana bila mapengo mengi. Sega gonjwa huonekana kama shamba lililopandwa ovyo: chumba kimoja kimefunikwa na cha pili ki wazi. Vifuniko vimebonyea ndani, vimekuwa vyeusi na vyenye unyevu, na baadhi yake vimetobolewa matundu yasiyo na umbo. Hutoka harufu mbaya, ambayo wengi huifananisha na ile ya gundi ya seremala.

Kipimo cha zamani ni kijiti cha kiberiti. Mfugaji hukitumbukiza katika chumba anachokishuku, akakikoroga polepole, kisha akakivuta nje. Ikiwa ni uozo wa Kimarekani, ute humfuata ukawa uzi mrefu wa sentimita mbili au zaidi kabla ya kukatika. Kipimo hicho hakigharimu kitu, nacho kimewaokoa wengi. Hata hivyo neno la mwisho huwa la wataalamu, ambao hukichunguza kipande cha sega katika maabara.

Katika jimbo la Maryland, Marekani, Idara ya Kilimo ilianza mwaka 1982 kutumia mbwa waliofundishwa kuitambua harufu ya ugonjwa huu. Mbwa hupitishwa kati ya mizinga, naye hukaa chini mahali anapoinusa. Kwa njia hiyo mkaguzi aweza kupita mizinga mingi kwa muda mfupi, bila kufungua kila mmoja.

Ugonjwa huu haumdhuru mtu. Mwenye kula asali ya mzinga mgonjwa hapatwi na neno. Lakini asali hiyo hiyo, ikilambwa na nyuki, yaweza kuangamiza mzinga ulio mzima. Chupa ya asali iliyotoka nchi ya mbali, ikitupwa jalalani bila kuoshwa, ni hatari kwa nyuki wa jirani. Na mzinga uliodhoofishwa na ugonjwa hauna walinzi wa kutosha. Nyuki wa mizinga mingine huja kuiba asali yake, wakarudi kwao na mauti pamoja na chakula.

MOTO NDIO ULIOKUWA DAWA

Ugonjwa huu ulipothibitishwa, wafugaji wa nchi nyingi walikuwa na dawa moja waliyoiamini, nayo ni moto. Amri ya kuchoma ipo katika sheria za nchi kadhaa hata leo.

Kazi hiyo hufanywa jioni, nyuki wote wakiisha kurudi nyumbani, maana akibaki hata mmoja nje aweza kuhamia kwa jirani na mzigo wake. Shimo huchimbwa karibu na mzinga. Mlango wa mzinga huzibwa, na nyuki huuawa kwa petroli au kwa dawa. Kisha masega yote, yenye asali na yasiyo na asali, hutiwa shimoni pamoja na fremu zake, na moto ukawashwa. Nta huwaka kwa nguvu sana. Yote yakiisha kuwa majivu, shimo hufukiwa kwa udongo, ili nyuki wengine wasije kulamba asali iliyotiririka. Sanduku la mbao, pale sheria inaporuhusu, huweza kusazwa kwa kuunguzwa ndani kwa mwali wa moto hata mbao zikabadilika rangi. Mahali pengine nalo huingia shimoni.

Mwenye kusimama kando ya shimo hilo ndiye yule yule aliyelihifadhi bumba lake wakati wa njaa na kulitafutia maua. Ni vigumu kumweleza ya kuwa nyuki anaowachoma si wagonjwa, bali wamechukua tu ugonjwa wa watoto wao. Na kesho yake hana budi kufungua mizinga iliyobaki, mmoja mmoja, akiwa na kijiti chake cha kiberiti mkononi, asijue kama ataliona shimo la pili.

Tangu miaka ya 1940 na 1950 palikuwa na njia nyingine, yaani dawa za kuua vijidudu, kama vile sulfathiazoli na baadaye oksitetrasaiklini. Wafugaji wengi wa Marekani walizitia katika sukari wakawalisha nyuki wao. Dalili zilitoweka, na watu walifurahi. Lakini dawa hizo huua kijidudu kinachokua, wala haziwezi kuiua mbegu iliyolala ndani ya gamba lake. Mfugaji alipoacha kutoa dawa, ugonjwa ulirudi. Na alipoendelea kuitoa, aliuficha ugonjwa akauuza pamoja na masega yake bila kujua. Pia baadhi ya vijidudu vilijifunza kuvumilia dawa. Kwa sababu hizo New Zealand imewakataza wafugaji kabisa kutibu uozo huu kwa dawa za namna hiyo, na huko mzinga mgonjwa huangamizwa. Nchini Marekani, tangu mwaka 2017, mfugaji hawezi kupata dawa hizo kwa ajili ya nyuki wake ila kwa idhini ya daktari wa wanyama.

SHAKA LA WATAALAMU

Kwa nini basi chanjo haikufikiriwa mapema? Jibu limo katika tofauti ya miili. Mtu, ng'ombe na kuku wana askari wa damu wenye kumbukumbu. Adui akiingia mara moja, mwili hutengeneza silaha za kumkabili adui yule hasa, na huzihifadhi. Akija mara ya pili hukuta silaha tayari. Chanjo ni kuuonyesha mwili adui aliyeuawa au aliyedhoofishwa, ili silaha zitengenezwe bila mtu kuugua. Hiyo ndiyo hekima iliyotumiwa na Bwana Edward Jenner wa Uingereza mwaka 1796, alipoanza kuchanja watu wasipatwe na ndui.

Wadudu hawana silaha za namna hiyo. Miili yao hupigana na ugonjwa, na hupigana vizuri, lakini kwa njia nyingine. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ya kuwa mdudu hawezi kufundishwa, sembuse kumrithisha mtoto wake mafundisho hayo.

Mmoja wa wale walioanza kuitilia shaka dhana hiyo ni Bibi Dalial Freitak. Alipokuwa akichunguza nondo nchini Ujerumani, yeye na wenzake walionyesha mwaka 2009 ya kuwa nondo waliokula chakula chenye bakteria walizaa watoto ambao miili yao ilikwisha kujiweka tayari kupigana, ingawa watoto wenyewe hawakuwaonja bakteria hao. Yaani mama alikuwa amewapelekea habari. Lakini habari ilisafiri kwa chombo gani? Hilo halikujulikana.

SIRI YA KIINI CHA YAI

Chombo hicho kilipatikana kwa nyuki, katika kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland na wenzao. Kati yao walikuwamo Bibi Freitak, Bibi Heli Salmela, na Profesa Gro Amdam, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amechunguza protini moja ya nyuki iitwayo vitelojenini. Protini hiyo hutengenezwa katika mafuta ya mwili wa nyuki, na kazi yake inayojulikana sana ni kuingia katika yai na kuwa chakula cha kiini.

Mwaka 2015 wataalamu hao walitangaza waliyoyaona. Malkia alapo chakula chenye vijidudu, vipande vya vijidudu hivyo hupita katika utumbo na kuingia mwilini. Huko vitelojenini huvishika. Kisha, inapokwenda katika vifuko vya mayai kama desturi yake, huvichukua vipande vile na kuviingiza katika yai. Mtoto hukutana na alama ya adui angali ndani ya yai, na mwili wake huanza kuweka ulinzi kabla hajaanguliwa.

Mtu aweza kuufananisha mpango huo na mama mwenye nyumba aonaye nyayo za chui uani. Haleti chui ndani awaonyeshe watoto. Huwaletea udongo wenye alama ya ukucha, nao wakajua wa kumwogopa. Kwa majana jambo hili ni kubwa, maana hatari yao iko katika siku ya kwanza ya maisha. Chanjo ambayo ingemfikia mtoto baada ya kuzaliwa ingekuwa imechelewa. Hii humfikia kabla.

JINSI CHANJO ITOLEWAVYO

Kutokana na maarifa hayo ilianzishwa kampuni iitwayo Dalan Animal Health, yenye makao katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, Marekani, ikiongozwa na Bibi Annette Kleiser. Chanjo ya kampuni hiyo ndiyo iliyopewa kile kibali cha masharti.

Chanjo yenyewe ni bakteria wa uozo wa majana waliokuzwa na kuuawa kabisa, wasiweze kumwambukiza nyuki yeyote. Huchanganywa katika kinyunga cha sukari, kile ambacho wafugaji wa nchi hizo wamekitumia tangu zamani kuwalishia malkia safarini. Hapa yafaa kueleza desturi moja ambayo mgeni aweza kuiona ya ajabu. Nchini Marekani kuna wafugaji ambao kazi yao ni kuzalisha malkia na kuwauza. Malkia hutiwa katika kizimba kidogo pamoja na watumishi wake wachache na kinyunga cha sukari, akatumwa kwa posta hata kwa mnunuzi. Chanjo, basi, haikuhitaji kutafuta njia mpya. Iliingia kwa mlango uliokuwa wazi.

Malkia halazimiki kukila kinyunga kwa kinywa chake mwenyewe. Watumishi hukila, wakakigeuza kuwa maziwa ya nyuki, ambayo ndiyo chakula cha malkia, wakamlisha. Kwa njia hiyo vipande vya bakteria waliokufa hufika tumboni mwake. Baada ya siku chache huachiliwa katika mzinga wake akaanza kutaga, na mayai yake hutoka yakiwa na habari ya adui. Mfugaji hahitaji kumgusa nyuki mwingine yeyote. Kwa kumlisha mama mmoja, amewafikia maelfu ya watoto ambao hawajazaliwa.

Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2022, majana wa malkia waliochanjwa walilishwa mbegu za ugonjwa kwa makusudi, na majana wa malkia wasiochanjwa wakalishwa vivyo hivyo. Wale wa kwanza walipona kwa wingi kuliko wa pili. Hawakupona wote, nalo ni jambo la kukumbukwa. Lakini katika mzinga tofauti ya namna hiyo yaweza kuwa ndiyo tofauti ya bumba linalosimama na bumba linaloanguka.

KWA NINI MAREKANI WALIHARAKISHA

Mtu aweza kuuliza kwa nini nchi tajiri ijisumbue hivyo kwa ajili ya mdudu. Jibu ni kwamba nyuki wa Marekani huleta faida kubwa zaidi kwa kazi yao mauani kuliko kwa asali yao. Mfano mkubwa ni lozi za California, jimbo litoalo karibu asilimia 80 ya lozi zote za dunia. Mlozi hauzai vema pasipo nyuki wa kuhamisha chavua kutoka ua hadi ua. Kwa hiyo kila mwaka, ifikapo mwezi wa Februari, mizinga zaidi ya milioni moja hupakiwa katika malori na kusafirishwa kutoka pande zote za nchi hata mashambani mwa lozi. Maua yakiisha kuanguka, hupakiwa tena na kupelekwa kwenye matofaa na matunda mengine.

Mkusanyiko huo ni kama mnada mkubwa wa ng'ombe ambao kila mfugaji wa nchi amepeleka kundi lake bila kuulizwa hali ya afya. Nyuki wa mashariki na wa magharibi hukutana katika ua moja. Mzinga mmoja mgonjwa ukiingia hapo, mbegu zake zaweza kurudi katika majimbo mengi kwa wakati mmoja. Hasara haimpati mwenye mzinga peke yake, bali humpata mwenye shamba pia, na mwishowe mnunuzi wa chakula mjini.

MIPAKA YA CHANJO HII

Ingekuwa kosa kuisifu chanjo hii kupita kadiri. Kwanza, si tiba. Mzinga ulioingiwa na ugonjwa hauponi kwa kubadilishiwa malkia, maana mbegu zimekwisha kukaa katika masega na mbao, na sheria ya moto haikufutwa. Pili, inamlinda mtoto wa malkia aliyechanjwa. Malkia huyo akifa, au nyuki wakimwondoa na kujifanyia mwingine, mfugaji hana budi kumtafuta malkia mwingine aliyechanjwa. Kwa hiyo chanjo yamfaa zaidi yule anayebadilisha malkia wake kwa mpango. Tatu, imetengenezwa kwa ajili ya adui mmoja. Nyuki wana maadui wengi, kama vile kupe wa Varroa, ambaye ni mharibifu mkubwa katika nchi nyingi, na dawa za kuua wadudu zinyunyizwazo mashambani saa za maua.

Hata hivyo thamani yake ni kubwa. Imeonyesha ya kuwa mdudu aweza kukingwa kwa kumlisha mama yake, na mlango huo ukiisha kufunguliwa, wataalamu wameanza kuuliza kama magonjwa mengine ya nyuki yaweza kupitishwa hapo hapo.

HABARI HII NA AFRIKA

Kwa muda mrefu ilisemwa ya kuwa kusini mwa Sahara hakuna uozo wa majana wa Kimarekani wa kutisha. Kisha mwaka 2009 ugonjwa huo ulizuka katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, ambako nyuki wanahitajiwa sana na wenye mashamba ya matunda. Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya kupiga mionzi asali iingiayo kutoka nchi za nje, ili kuziua mbegu za ugonjwa. Hata hivyo adui alipita. Kwa Afrika ya Mashariki jambo hilo ni onyo la jirani, na mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mfugaji wa Ukambani au wa Tharaka, atundikaye mizinga ya magogo juu ya migunga, ana mambo mengine yanayomsaidia na mengine yanayomkwaza. Nyuki wa Afrika ni wepesi kuhama; wakiona nyumba imeharibika, huiacha na kwenda zao, na pengine huacha masega yenye maradhi nyuma yao. Lakini mzinga mtupu ulioachwa juu ya mti na asali kidogo ndani yake ni mtego kwa nyuki wapitao. Tena katika mzinga wa gogo masega yamegandamana na ukuta, wala hayawezi kutolewa na kutazamwa bila kukatwa. Mzinga wenye vijiti vya juu au fremu humwezesha mfugaji kulitoa sega moja, kulitazama na kulirudisha. Na pale ambapo malkia hanunuliwi kwa posta bali bumba huingia lenyewe mzingani, chanjo ya malkia si rahisi kutumika kama ilivyo California.

Kwa mfugaji kama huyo kinga iliyo karibu ni ile isiyonunuliwa. Asinunue masega makuukuu wala mizinga iliyotumika bila kujua imetoka wapi. Asiwalishe nyuki wake asali ya dukani, bali kama chakula kimepungua awape maji ya sukari. Asiache vipande vya sega na vyombo vya asali wazi baada ya kurina. Kisu na vyombo vyake avisafishe kabla ya kutoka mzinga mmoja kwenda mwingine. Na akiliona sega lenye vifuniko vilivyobonyea, ute unaovutika na harufu mbaya, asiuhamishe mzinga huo wala asiwagawie jirani masega yake. Aufunge, na kumwita ofisa wa mifugo au wa nyuki aliye karibu.

Hata huko Marekani, ambako kinyunga cha chanjo chaweza kununuliwa, mfugaji mwenye busara hajakitupa kijiti chake cha kiberiti. Malkia huwapa watoto wake habari ya adui kwa njia ya yai, lakini masega bado yanamhitaji mwenyewe kuyafungua na kuyatazama.